Doa kwenye Geji

Mume wangu Patroba alifariki asubuhi moja, akaniachia gari dogo alilojiundia mwenyewe katika gereji yetu ya Arlington, Marekani. Geji yake ya mafuta ilidanganya: tangi likiwa tupu, ilionyesha robo. Kwa hiyo alipaka doa la rangi yangu ya kucha kwenye kioo cha geji, juu kidogo ya robo.

“Mshale ukifika hapa, Mama Kezia, tia petroli.”

Baada ya mazishi mdogo wake alikuja kuitengeneza geji. Alikunja waya wa boya linalopima mafuta ndani ya tangi, akajaribu, akacheka.

“Kaka alishindwa na kitu kidogo hivi! Sasa inasema kweli, shemeji. Nifute hili doa?”

Kitambaa chake kilikuwa kimeshafika kwenye kioo. Nikamshika mkono.

“Rudisha boya lilivyokuwa.”

“Lakini itadanganya tena!”

“Najua.”

Mshale ukifika kwenye doa, naenda kutia petroli.