Mvua ya Dirishani

Mjini chini ya ardhi, ambako kila nyumba hupewa dirisha moja linaloendeshwa na kompyuta, watu bado hukimbilia kuanua nguo dirisha likionyesha mvua, ingawa hakuna anayelowa.

Asubuhi ile, mara tu Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya dirisha, iliposasishwa, Tunu aliikimbilia kamba ya nguo, kisha akasimama. Mvua ilishuka polepole mno. Kila tone lilining'inia hewani likiwa na mbingu nzima tumboni mwake, na mama yake, Bi Mwanaidi, alisimama mbele ya kioo kama aliye ibadani.

Tunu akapekua kumbukumbu za mfumo, akaliona kosa. Sasisho lilikuwa limeitupa draiva, programu ya kuendesha kadi ya picha, hivyo prosesa ikabaki kuchora kila tone bila msaada, polepole. Amri moja tu ingeirudisha.

"Mama, naitengeneza sasa hivi."

"Unatengeneza nini? Si ndivyo inavyonyesha?"

Kidole cha Tunu kikasita juu ya kitufe. Yeye alizaliwa humu humu chini, hajawahi kuiona mvua halisi.

"Kule juu ilikuwa inashuka kwa kasi gani?"

Bi Mwanaidi alisogea karibu zaidi na kioo.

"Nilikuwa najua," akasema, akakinga kiganja chini ya tone moja kubwa, akangoja limlowanishe.