Kidole Gumba cha Mama

Mara nne sauti ilitoka kwenye spika ya kushoto, na mara nne mtoto akageuka. Kila alipogeuka, dubu wa kuchezea aliyekuwa ndani ya kisanduku aliwaka taa na kupiga kangoma kumtuza. Nyuma ya kioo, mpimaji wa masikio alikuwa akitabasamu.

Kazi ya muuguzi ilikuwa kumshughulisha mtoto kwa vikombe vya plastiki, mchezo usidorore akalia, wala usinoge mno akasahau kugeuka. Macho yake hayabanduki usoni mwa mtoto. Leo yaliteleza kidogo, yakatua ubavuni, pale mama aliyempakata alipomshika.

Sauti ya tano ikatoka. Kidole gumba cha mama kikambonyeza mtoto ubavuni. Mtoto akageuka.

Muuguzi akaweka kikombe chini.

"Mama, hebu tumkalishe kwenye kiti chake."

"Hajazoea, dada. Atalia tu."

"Halii huyu, tumeshakuwa marafiki."

Mama akamkumbatia kwa nguvu. "Anasikia! Nyumbani nikimshika hivi nikamwita, anageuka. Nikimshika tu…"

Akaitazama mikono yake mwenyewe. Kisha taratibu akailegeza.

Mtoto akakalishwa kitini. Sauti ikatoka. Mpimaji akaipandisha, akaipandisha tena, mpaka muuguzi akakunja uso na mama akaziba masikio.

Mtoto akapachika kikombe cha mwisho juu ya vingine, akawageukia wote wawili, uso umechanua, akasubiri apigiwe makofi.