Lori la Ukutani

Haya, mjukuu wangu, tegua hiki: anakimbia ukutani, jasho linamtiririka, na ukuta haulowi. Umeshindwa? Ni mtu wa sinema.

Bosi wa karakana ya kushona alitundika shuka ukutani, akawaonyesha mafundi wake sinema ile ile ya juzi, ya vibarua waliolinasua lori kwenye tope.

"Kwa nini hawa hawakukata tamaa?" akauliza. "Nijibuni, na nyie mpate moyo!"

Macho yote yalikwenda kwenye cherehani ya dirishani, iliyofunikwa gunia. Mwenye cherehani hiyo alijibu juzi kwamba wao mafundi wamechoka, akafukuzwa papo hapo.

"Mama Pindo, wewe ndiye mkubwa wao. Au umejishona mdomo?"

Wakacheka kwa woga. Mama Pindo akazitoa pini alizozibana midomoni, moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni. Wanawe walikula kwa cherehani yake. Akasimama.

"Kaa, dada, utafukuzwa," jirani yake akamnong'oneza, akimvuta gauni.

Hakukaa.

"Rudisha nyuma kidogo, bosi. Hapo hapo. Unamwona yule mwenye suti, anayesukuma, tope limemfika magotini?"

"Namwona. Ni nani?"

"Ni bosi wao."