Mraba Usio na Waya

Kifaa cha kupima unene wa barafu ya ziwa kilikuwa juu ya meza, mbali na ziwa, lakini taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka: barafu ni nene, pita.

Solveig akakizima, akakiwasha. Kijani tena. Akakifungua kwa bisibisi, akapima bodi ya saketi sehemu moja baada ya nyingine, na kila kipimo kilikuwa sawa na mchoro. Hakuelewa. Akakiinamisha kwenye mwanga. Jana kilishinda kwenye theluji, na sasa tone la maji liliteleza juu ya bodi. Mfereji mwembamba uliozunguka mdomo wa kasha ulikuwa mtupu.

Akampigia fundi aliyeviunganisha vifaa vyote arobaini.

"Pete ya mpira ya kuzuia maji iko wapi?"

"Pete gani, dada? Haimo kwenye orodha. Mimi nafunga kilichoandikwa."

Orodha ya vipuri ilitoka kwenye mchoro. Akaufungua kwenye kompyuta, akautazama mpaka macho yakamuuma. Saketi yote ilikuwepo. Kisha akakumbuka mraba mdogo pembeni, ulioachwa na mhandisi aliyemtangulia, usioungwa na waya wowote. Wiki iliyopita aliufuta, akidhani umesahaulika pale. Kumbe ulikuwa alama ya pete, na ndio ulioiingiza kwenye orodha.

Akampigia baba yake, aliyechukua kifaa kimoja asubuhi kwenda kuvua.

"Baba, uko wapi?"

"Ziwani, juu ya barafu, na pikapu. Kidude chako kimenipa kijani, mwanangu, wala hakikusita."

"Baba, simama. Shuka garini."

"Sikusikii, injini inapiga kelele. Ngoja nifike ng'ambo."