Mtihani wa Kusikiliza

"Kanyoe kwanza hayo masharubu," Mzee Thobias alisema. "Yanakula maneno."

Clever alikuwa ametoka Nyantakara kwa pikipiki, tope hadi magotini, kuja Keza kumposa Joyness. Alitoa shikamoo mlangoni, haikuitikiwa. Akatoa nyingine nyuma ya kiti cha mzee, kimya. Mpaka aliposimama mbele yake kama mshtakiwa ndipo alipotupiwa marahaba kavu, na hilo la masharubu juu yake.

Alishaonywa. Keza nzima ilimchukia Thobias kwa kutoitikia salamu. Walisema kiburi kilimwingia Lukole, enzi za kambi za wakimbizi, alipokuwa dereva wa daktari mmoja Mwitaliano aliyesikiliza opera kutwa garini. Daktari alirudi kwao, kanda zikabaki kwa dereva, na siku hizi zimo kwenye flashi. Sasa anayemtaka Joyness sharti akae asikilize, na mzee ndiye anayesema kama amesikia au hakusikia. Mwalimu mmoja alisinzia, akafukuzwa. Wiston mwenye duka alitingisha kichwa kama yuko disko, akafukuzwa, na mwamvuli wake ukarushwa nyuma yake.

Clever akanyoa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikalishwa kwenye kigoda karibu na dirisha, mwanga umemmulika kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mzee alikaa mkabala naye, magoti yao karibu yagusane. Sabufa ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya mgongo wa mzee. Joyness akawasha.

Mwanamke akaanza kulia kwa Kiitaliano kama amekalia siafu.

"Ana nini huyu?" Clever alimnong'oneza Joyness.

"Anaumwa. Yuko kwenye kufa."

"Mgonjwa gani mwenye pumzi zote hizo?"

Mzee akagonga meza. "Una uso kama gogo. Hujasikia kitu. Nenda, rudi Jumapili."

Uani, Clever aliipiga teke pikipiki yake mwenyewe. "Baba yako ana roho mbaya. Angetaja ng'ombe ningejua pa kuanzia."

"Rudi tu," Joyness alisema. "Nitakuwekea huo wimbo kwenye simu."

"Nirudi nitukanwe tena?"

"Kama hunitaki, usirudi."

Clever akaenda na wimbo huo shambani kwake, hedifoni masikioni, akipalilia mahindi kwa hasira. Aliusikiliza kama mtu anayemchunguza adui, apate kasoro ya kumrushia mzee. Kasoro hakuipata. Alichogundua ni kwamba kabla mwanamke hajajibu, vyombo vyote hunyamaza, kama watu waliosikia hodi. Akagundua na yule mwanaume mwenye sauti nzito, anayemwahidi kwamba atapona. Sauti ilikuwa inadanganya. Mwanamke alijua, na hakupiga kelele hata kidogo. Alimjibu polepole, kama anayemtuliza yeye.

Clever akasimamisha jembe, akaurudisha nyuma. Kisha tena. Magugu yalipona siku hiyo.

Chuki yake kwa mzee, hata hivyo, ilinenepa. Kumchukia mtu huku unapenda kitu chake kunachosha. Na kila Jumapili alikuwa anaongezewa sababu.

"Nyusi zimechelewa."

"Mdomo umecheka kabla ya wakati. Unamcheka mgonjwa?"

"Leo afadhali. Gogo limeanza kupasuka. Nenda."

Jumapili ya mwisho Clever alikuja amekwisha kata shauri. Akifukuzwa tena atampa mzee yake yote, kiburi chake na Uitaliano wake, kisha pikipiki haitaonekana Keza. Joyness alilijua hilo. Aliwasha sabufa macho yakiwa mekundu.

Mwanaume akaimba uongo wake. Vyombo vikanyamaza. Mwanamke akavuta pumzi.

Taa ya buluu ya sabufa ikazimika.

Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeiacha sola bila jua. Nyumba ikawa kimya, matone ya mwisho tu yakidondoka kutoka kwenye bati. Clever akasubiri tusi.

Halikuja. Kidole cha mzee kiliendelea kugonga goti, taratibu, kwa mapigo yale yale, kama wimbo bado unapigwa. Macho yake hayakutoka usoni mwa Clever, kama ya mtu mwenye njaa anayetazama sahani ya mwenzake.

Clever akamtazama Joyness. Joyness akatikisa kichwa, kidogo sana.

Basi akaufunga mdomo wake, akaendelea pale wimbo ulipokatikia. Mwanamke alimjibu mwongo wake ndani ya kichwa cha Clever. Nyusi zikapanda kwa wakati wake. Kidevu kikatetemeka. Yule mgonjwa alipofika kwenye pumzi yake ya mwisho, chozi la Clever lilitoka bila kuombwa, na kidole cha mzee kikasimama hapo hapo.

"Sasa umesikia," Thobias alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Waambie wazee wako waje."

Halafu akamgeukia binti yake, uso umekunjwa kama siku zote.

"Na wewe punguza sauti, majirani wasipate la kusema."

Joyness akaenda kwenye kabati, akakizungusha kitufe cha sabufa iliyozimika, polepole, mpaka mwisho.