Kikosi Kamili

Wewe unayesoma, umewahi kumwona fundi cherehani wa miaka hamsini na minne, mwenye magoti yanayolia kila akiinuka, akivalishwa gwanda la koplo na kuambiwa atoe kifua mbele?

Basi ndivyo alivyosimama asubuhi hiyo kwenye uwanja wa kambi. Gwanda alikuwa amelipunguza kiunoni kwa mkono wake. Kulia kwake alisimama muuza mkaa, kucha bado nyeusi. Kushoto alisimama kinyozi, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji koplo," kinyozi alinong'ona, "vuta tumbo ndani. Adui atajua tumeshiba."

"Nyamaza. Mwenyewe bunduki umeishika kama fagio."

"Ni ya mbao. Ulitaka niishike vipi?"

Kwenye makaratasi, kambi ile ilikuwa na askari mia tatu. Askari wa nyama na damu walikuwa tisini na mmoja, na wote, ukiwatoa mkuu wa kambi na sajini wake, walikuwa mpakani. Hao mia mbili na tisa wengine walikula, walivaa, walipandishwa hata vyeo, ila kuonekana ndiko hawakuwahi. Mkuu wa kambi, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Kamili kwa kuwa kila ripoti yake iliishia na neno hilo, alipoambiwa kamati ya bunge iliyoundwa juzi tu inakuja kukagua, hakukosa hata lepe la usingizi. Alituma watu sokoni wamletee askari, kama mtu anavyotuma nyanya.

Malori sita yalipangwa kando ya uwanja. Manne hayakuwa na injini. Yalisukumwa hadi pale na kupakwa rangi upande ule tu ambao wageni wangepita.

Wengine walikuja kwa soda na mkate walioahidiwa. Fundi cherehani alikuja kwa ajili ya kitinda mimba wake, mmoja wa wale tisini na mmoja. Mwaka na miezi minne kijana hakuwa amerudi nyumbani, maana hapakuwa na mtu wa kumpokea zamu. Simu ya mwisho alisema, "Mama, siku hizi nasinzia nimesimama. Wawili waliosinzia kabla yangu wameletwa huko kwenye masanduku."

Mara tatu mama huyo aligonga mlango wa Bwana Kamili. Mara tatu aliambiwa kikosi kimekamilika, mwanawe ni mvivu tu. Sasa bwana huyohuyo, kwa akili zake za kuku, alikuwa amemleta mwenyewe mbele ya kamati.

Sajini alipita akiwaonya. "Atakayefungua mdomo, tutajua ndugu yake ni nani na yuko wapi. Atakaa huko huko mpaka aote mizizi."

Waheshimiwa watano walishuka garini. Jicho la fundi likaenda moja kwa moja kwenye koti la mwenyekiti, lililomwangukia mabegani kama limetundikwa msumarini, mikono imekunjwa ndani na kushikizwa kwa uzi wa rangi nyingine. Maskini, alijisemea, amekondeshwa na kazi za watu.

Lakini walipoanza kukagua, moyo ukamnywea. Walifuatana kama bata. Mbele ya malori waliitikia kwa vichwa. Mbele ya ghala lililofungwa kufuli na kuandikwa "Hatari, Baruti", ambalo kila mtu wa mji alijua halina kitu ila popo, waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza hata ufunguo uko wapi. Bwana Kamili akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Kisha mwenyekiti akafika mstari wa kwanza, akatazama chini, akachuchumaa. Alibonyeza buti la mtu kwa kidole gumba. Akalinusa.

"Mliambiwa hii ni ngozi?"

"Ngozi safi, mheshimiwa. Imetoka ng'ambo," alijibu Bwana Kamili.

"Ngozi gani inanuka gundi? Hili ni boksi limepakwa rangi. Mvua moja tu, vidole nje." Akahamia mguu wa pili. "Na soli imebandikwa, haikushonwa. Aliyewauzia amewaona mazuzu."

Tabasamu la Bwana Kamili likakauka. Mheshimiwa mmoja alikohoa, akamvuta mwenyekiti koti kwa nyuma, lakini mwenzake alikuwa keshazama. Alikwenda mguu hadi mguu, mstari hadi mstari, akipinda, akigonga, akisonya.

Fundi cherehani alihisi machozi yanamlenga. Kumbe wapo! Kumbe katika nchi hii bado yupo mtu mmoja mwenye macho, anayekataa kudanganywa!

Mwenyekiti alipochuchumaa mbele yake na kuunyanyua mguu wake, hakungoja.

"Mheshimiwa, mimi si koplo. Nashona nguo pale mlangoni mwa soko."

"Shemeji!" kinyozi alinong'ona kwa hofu.

"Niache. Mheshimiwa, hapa hakuna askari hata mmoja. Tumeokotwa sokoni. Askari wenyewe wako mpakani, hawafiki hata mia, na mmoja wao nimemzaa mimi. Andika kwamba watu hawapo. Wapelekwe watu wa kweli, mwanangu apokelewe zamu, arudi nyumbani alale. Hilo tu ndilo ninalolitaka."

Sajini alianza kuja mbio. Mwenyekiti alibaki amechuchumaa, mguu wa mama bado uko mkononi mwake, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Aligeuka kuwatazama waheshimiwa wenzake. Nao, wote wanne, wakatazama mawingu.

"Mama," alinong'ona, "mimi nashona viatu nyuma ya stendi. Hata sisi tumeokotwa leo asubuhi."