Nywele ya Koko Godelive

— Njo yeye anaibaka nywele yenu! Leo naenda kumusema kwa pasta...

— Hapana, Mama, sikiliza kwanza...

— Nisikilize nini? Koko Godelive iko na miaka sabini, na nywele yake inajaa kama manyoya ya kondoo! Anaitoshaka wapi? Kwa bichwa bya batoto yangu!

Mama alikuwa anavaa viatu. Neno «mulozi», muchawi, likifika kwa pasta, mangaribi batu ya mutaa yote watakuwa bameshamufukuza ule bibi jirani wetu. Nikasimama kwa mulango.

— Utapita juu yangu. Lakini kwanza uangalie.

Nikatosha fulari ya kichwa, nikainama.

— Nyuma, nywele iko?

— Iko.

— Na juu kabisa?

— Iko, basi?

— Na hapa pembeni?

Akapitisha kidole. Juu ya masikio ngozi ilikuwa laini kama kikombe, na pale misuko inaanzia kulikuwa bipele bidogo byeupe.

— Yaya, mukubwa wangu, iko hivi, mudogo wangu iko hivi, pale pale. Bulozi gani inachaguaka pembeni tu? Njo pale unavutaka, Mama. Ukitusuka, tunalala macho wazi kama samaki!

Mama akaangalia vidole vyake, vingali na mafuta ya kusukia.

— Na ule koko, nani anamusukaka?

— Anajisukaka mwenyewe. Misuko mikubwa, ya kulegea.

Akavua viatu. Kiisha akafungua fulari yake, ile hatujamuonaka bila. Pembeni, laini kama mimi.

— Enda umuite, akasema. Umuombe aje anisuke.